Mtukanwa wa Taifa

Nchi yenyewe hatutaitaja. Sheria yake inasema atajaye jina la nchi sharti awe amesimama wima, na sisi tunaosimulia tumekaa, magoti yanatuuma, tena hatuna haraka ya kuinuka. Tuseme tu kwamba ni nchi njema, yenye mito, mabonde, gereza katika kila wilaya, na wimbo wa taifa wenye beti kumi na nne. Beti mbili za mwanzo zilitungwa siku ya uhuru. Zilizobaki ziliongezwa na marais waliofuata, kila mmoja kwa kadiri alivyojipenda. Wimbo mzima huchukua dakika kumi na tisa, na katika nchi hiyo mpira hauchezwi mpaka uimbwe wote. Wachezaji husimama katikati ya uwanja, jua likiwachoma utosini, hadi ubeti wa mwisho, unaosifu meno ya Mheshimiwa Rais wa sasa.

Jumamosi moja bendi ilikuwa imefika ubeti wa tatu pale mshambuliaji wa timu ya Radi, kijana aitwaye Sefania Mkwizu, alipokaa chini. Hakuanguka, hakuugua, wala hakumtolea mtu neno. Alikaa kwenye nyasi akakunja miguu kama mtu anayesubiri chai.

Baada ya mchezo, ambao alifunga mabao mawili, mtangazaji alimuuliza ana maradhi gani.

"Jumanne askari wamewapiga risasi watu kumi na mmoja kwetu Kimbwera, kwa sababu walikataa kuhama mashamba yao," Sefania alisema. "Hadi leo maiti hawajaruhusiwa kuzikwa. Mimi sijapata nguvu za kusimama."

Serikali ina masikio makubwa, lakini siku hiyo ilisikia neno moja tu, "kusimama". Kufikia Jumatatu magazeti yote matatu, ambayo mhariri wake ni mmoja, yalikuwa yameandika kwamba Sefania amewatukana mashujaa waliomwaga damu vitani kwa ajili ya wimbo huo. Wananchi walikasirika ipasavyo. Hapo likazuka tatizo dogo: mashujaa wenyewe wako wapi? Kwa maana tusi bila mtukanwa ni kama harusi bila bibi arusi, wageni watakula lakini watanong'ona.

Wizara ya Uzalendo, Utii na Michezo ikapekua mafaili siku mbili. Ikagundua kwamba katika vita pekee ambavyo nchi hiyo iliwahi kupigana, vita vya Mlima Kihoro, walipelekwa askari arobaini na wanne wakarudi watatu. Wa kwanza alikuwa ameshafariki. Wa pili alikuwa gerezani kwa kosa la kuiomba serikali magongo mara mbili. Wa tatu alikuwa fundi baiskeli.

*

Huyo ndiye Sajini mstaafu Kasabuni Lihundi, mwenye umri wa miaka sabini na miwili, mke mmoja aitwaye Bi Twilumba, na vidole saba. Vitatu vya mkono wa kulia aliviacha Kihoro. Kwa kuwa alibakiwa na gumba na cha shahada tu, kila alipopiga saluti alionekana kama mtu anayejielekezea bastola kichwani.

Kule Kihoro waliambiwa: shikilieni mlima siku mbili, magari ya msaada yanakuja. Walishikilia siku kumi na moja. Magari hayakuja, maana yalikuwa mjini kwenye gwaride la siku ya kuzaliwa ya Rais wa wakati huo, na gwaride lilipokwisha, mafuta nayo yalikuwa yamekwisha. Wa mwisho kufa alikuwa Koplo Ng'ole. Kombora lilimpasua tumbo, na Lihundi hakuwa na kitambaa chochote isipokuwa bendera iliyochomekwa kileleni. Akaiteremsha, akamfunga nayo matumbo yasimwagike. Ng'ole akamwangalia, akasema, "Sajini, watanidai hii," kisha akacheka, na kile kicheko ndicho kilichommaliza. Mwaka uliofuata viongozi wa nchi mbili walipatana, mlima ukarudishwa kwa adui kama zawadi ya urafiki, na ramani mpya zikachapwa bila mlima.

Tangu hapo, kila mwaka, Mzee Lihundi aliiandikia serikali barua. Aliomba majina ya wenzake arobaini na mmoja yaandikwe mahali, popote, hata ukutani mwa choo cha kambi. Na kila mwaka alijibiwa kwa adabu: "Barua yako imepokelewa. Mlima unaoutaja haupo."

Kuhusu Sefania, ukweli usemwe. Mzee alikuwa ananyoosha ringi aliposikia redioni kwamba kijana amekaa wimbo ukipigwa, na mwiba ulimchoma moyoni. Yeye wimbo ule ukipigwa, hata akiwa msalani, huinuka. Aliupenda, angalau beti zile mbili. Lakini akasikia pia habari ya maiti wasiozikwa, na ule mwiba ukageuka ukachoma upande wa pili.

Kabla hajaamua ni upande upi unauma zaidi, magari sita yalisimama mbele ya kibanda chake. Moja lilibeba maua tu. Akashuka Bwana Habili Ndekeo, Mkurugenzi wa Hisia za Taifa, mtu mnene mwenye sauti ya msibani, leso mkononi, leso yenyewe imeshalowanishwa tayari ofisini.

"Shikamoo, Sajini. Pole sana."

"Marahaba. Pole ya nini? Nani kafa?"

"Umetukanwa."

Mzee akaweka spana chini. "Na nani?"

"Na yule mpiga mpira. Umetukanwa vibaya sana, mzee wangu. Nchi nzima imeona."

"Mimi simjui yule kijana, wala yeye hanijui. Amekaa kwa sababu ana watu wake hawajazikwa. Hata mimi nina watu wangu wamezikwa kama mbwa. Kusema kweli, bwana, mimi sijakasirika."

"Umekasirika," Bwana Ndekeo alimsahihisha kwa upole. "Huli. Jeraha lako la zamani limeanza kutoa usaha. Imetangazwa kwenye taarifa ya habari ya saa saba. Sasa ukisema hukukasirika utakuwa umeifanya serikali iseme uongo, na kuifanya serikali iseme uongo ni miaka saba."

Mzee Lihundi aliyatazama yale magari, akayatazama maua. Miaka thelathini na minane alikuwa anaifuata serikali kwa barua. Leo serikali imekuja kwa miguu yake, inamhitaji. Akafikiri kama fundi: chombo kikikupitia mkononi, kaza nati kabla hakijaondoka.

"Majina ya wenzangu," alisema. "Yaandikwe kwenye ukuta wa Uwanja wa Taifa, watu wote wayaone. Arobaini na moja. Mkifanya hivyo, nitakasirika."

Bwana Ndekeo akaweka mkono kifuani. "Majina arobaini na moja. Kwa marumaru nyeupe. Neno la serikali."

Bi Twilumba alikuwa mlangoni anamenya muhogo. Magari yalipoondoka, alisema bila kuinua macho, "Baba Subira, chozi la kuagizwa halichagui pa kudondokea."

"Mama Subira, nikiwafukuza hawa leo, wale waliolala kule nitawaambia nini?"

"Sijui utawaambia nini wale. Mimi namfikiria huyu aliye hai."

*

Mzee alifundishwa siku nne jinsi ya kutukanwa. Alishonewa sare mpya yenye nishani saba, moja ikiwa ya kuogelea. Mkono wake wa kulia ulivishwa glovu nyeupe iliyojazwa pamba katika vidole vitatu, kwa sababu Wizara iliona kwamba saluti ya bastola ingeweza kueleweka vibaya. Mwalimu wa majonzi alimwonyesha jinsi ya kutetemesha mdomo wa chini bila kuonyesha mapengo. Hotuba iliandikwa na mtu ambaye hakuwahi kuona vita, ila aliwahi kugombana na mpangaji.

"Hapa mmeandika nilimwaga damu lita nane," Mzee alisema. "Mwili wa mtu una lita tano."

"Tano ni za raia wa kawaida," mwalimu wa majonzi alimjibu.

Jumamosi uwanja ulijaa watu sitini elfu. Sefania alikuwa ameonywa kwa barua, kwa simu na kwa jiwe dirishani. Alikuja. Bendi ilipoinua matarumbeta, alikaa tena, mahali palepale. Bendi ikanyamazishwa, na Mzee Lihundi akaletwa mbele ya kipaza sauti.

Mwanzoni alisoma kama mtu anayesoma bili ya maji. Damu lita nane. Usiku wa manane wa historia. Tumbo la mama taifa. Watu wakapiga miayo, na Bwana Ndekeo akaanza kutoa jasho. Kisha Mzee akafika mstari uliosema, "Niliiteremsha bendera kwa mikono yangu hii." Aliyeuandika aliuweka kwa sababu ulisikika vizuri. Hakujua. Lakini Mzee alimwona Ng'ole, akaona rangi za bendera zikigeuka kuwa rangi moja, akasikia kile kicheko. Machozi yakamtoka, machozi ya kweli, na sauti ikakatika katikati ya neno.

Uwanja mzima ukalia pamoja naye. Watu waliokuja kuangalia mpira walikumbatiana na watu wasiowajua. Na watu sitini elfu wakishalia pamoja, sharti wamtafute aliyewaliza. Chupa ya kwanza iliruka kutoka jukwaa la mashariki. Ya pili ikafuata, na uzio ukalala.

Ili kutuliza fujo, bendi iliamriwa kupiga wimbo wa taifa. Hapo ndipo nidhamu ya nchi hiyo ilipoonekana. Askari mia tatu waliokuwa wanakimbia kumwokoa kijana walisikia wimbo, wakasimama wima palepale walipofika, mikono kwenye kofia, kama sheria inavyotaka. Hakuna aliyepepesa jicho. Watu waliovunja uzio, kwa kuwa walikuwa wanatenda kazi ya kizalendo, hawakuhesabiwa kuwa wanatembea. Walimburuta Sefania hadi kwenye benchi la wachezaji wa akiba, wakauweka mguu wake wa kulia juu yake, mguu uliokwisha kufunga mabao thelathini na moja msimu huo, wakatumia nguzo ya kibendera cha kona. Kiongozi wa bendi alipoona ubeti wa kumi na nne umekwisha na kazi haijakwisha, alirudia mwanzo.

Mzee Lihundi alikuwa hatua ishirini kutoka pale. Aliona yote. Alisikia goti likivunjika, sauti kama ya tawi bichi. Alimsikia kijana akimwita shangazi yake. Miguu ya Mzee ilitaka kwenda; mkono ulikuwa kichwani, umevaa glovu, na ule mkono haukushuka. Ulikuwa umefunzwa tangu akiwa na miaka kumi na tisa kwamba wimbo huo ukipigwa haushuki. Dakika thelathini na nane ulikaa pale, vidole viwili vya nyama na vitatu vya pamba.

Jioni redio ilitangaza kwamba mchezaji Mkwizu ameteleza.

*

Siku ya tatu Mzee alikwenda hospitali, amebeba chungwa moja mfukoni, asijue kama ni la kumpa mgonjwa au la kujishikilia. Sefania alikuwa amelazwa mwisho wa wodi. Mguu ulikuwa umechomekwa vyuma sita kutoka pajani hadi muundini, umenyooka kama mpini wa jembe.

"Shikamoo, mzee," kijana alisema.

Mzee alitarajia matusi. Yale angeweza kuyabeba. Ile shikamoo ilimwelemea.

"Marahaba, mwanangu. Wanasemaje?"

"Wanasema hautakunjika tena. Maisha." Akautazama mguu kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyeuacha pale. "Mzee, mimi sikukukusudia wewe. Nilitaka hilo ulijue. Shangazi yangu ndiye aliyenilea. Walimpiga risasi akiwa na jembe mkononi. Wamesema jembe lilikuwa silaha. Nilikaa kwa ajili yake."

"Hukunitukana."

"Basi mbona ulilia?"

"Nilimlilia mtu mwingine. Anaitwa Ng'ole."

Sefania akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyejibiwa swali dogo huku kubwa likingoja. "Ulikuwa karibu," alisema. "Nilikuona. Nilikuwa najiambia, yule mzee ni askari kweli, akishusha tu ule mkono watu wataona haya. Nilikuwa naungojea ushuke."

Mzee alilibana lile chungwa mpaka maji yake yakachuruzika mfukoni. Muuguzi akaja kusema muda wa kuona wagonjwa umekwisha, na huo ndio wema pekee aliofanyiwa siku ile.

*

Serikali haikuvunja ahadi. Baada ya wiki mbili ukuta ulizinduliwa mbele ya mabalozi. Pazia jekundu likavutwa, marumaru ikang'aa, nyeupe, na majina yamechongwa kwa dhahabu. Mzee Lihundi alivaa miwani, akasogea.

La kwanza lilikuwa la Waziri wa Ardhi. La pili la mke wa Waziri wa Ardhi. Akashuka kwa kidole: Waziri wa Maji, Waziri wa Ukame, wakwe zao, mkuu wa bendi, mwalimu wa majonzi. La thelathini na tisa lilikuwa la mjukuu wa Rais, aliyezaliwa Alhamisi. La arobaini na moja lilikuwa Habili Ndekeo.

"Siyo haya," Mzee alisema.

"Tulikuahidi majina arobaini na moja," Bwana Ndekeo alimnong'oneza huku akiwatabasamia mabalozi. "Yahesabu, mzee wangu. Hatukukupunja hata moja."

"Wenzangu wako wapi?"

"Hilo ni swali ambalo hata serikali inajiuliza. Mlima haupo, kwa hiyo hawakufia mlimani. Na kambini hawakurudi. Sasa walikwenda wapi na bunduki za serikali? Tungekuwa watu wakali, tungewaandika watoro." Akampangusa vumbi begani. "Jumapili ni fainali ya Kombe. Rais mwenyewe atakuwepo. Yule kijana ataletwa akuombe radhi hadharani, nawe utamsamehe. Tumekuandalia chozi la furaha, ni fupi."

Mzee alirudi nyumbani akakaa kwenye ukingo wa kitanda na sare yake mpya. Hakula. Bi Twilumba hakumwuliza kuhusu ukuta, kwa sababu alimsikia anavyopumua.

Asubuhi ya Jumapili, mkewe alipokuwa anampigia pasi suruali, Mzee alisema, "Leo nitakwenda."

"Kulia tena?"

"La. Kukaa."

Pasi ikasimama. Bi Twilumba alimtazama mumewe, mtu aliyemjua tangu akiwa na vidole kumi. Kisha akaigeuza suruali, akaacha kuipiga pasi sehemu ya makalio. "Hapa sihangaiki napo," alisema. "Patachafuka kwa nyasi."

*

Fainali ilianza kwa maombi, gwaride la mbuzi na hotuba ya Rais kuhusu Rais. Kisha Sefania Mkwizu akaletwa uwanjani kwa magongo mawili, mguu wa vyuma umetangulia mbele. Ilikuwa imepangwa apige magoti mbele ya shujaa, lakini Wizara, kwa huruma yake, ilikubali aombe radhi akiwa wima, kwa kuwa goti lenyewe halipo tena.

Bendi ikaanza ubeti wa kwanza. Watu sitini elfu wakasimama. Mzee Lihundi alivua glovu, akaiweka chini taratibu. Kisha naye akashuka, mkono mmoja nyuma kama wazee wanavyokaa, akafika kwenye nyasi, akakunja miguu. Alihisi ubaridi wa ardhi ukimpenya suruali. Alihisi pia, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, kwamba amepumzika.

Mkuu wa bendi alikosa pumzi kwenye tarumbeta. Kila mtu aliona: shujaa amekaa. Na pengine siku hiyo nchi ile ingepata habari mpya, lau si mtangazaji wa uwanja, mtu mwepesi wa akili, mwenye watoto sita.

"Ameanguka!" mtangazaji alipaza sauti. "Ndugu wananchi, shujaa wetu ameanguka kwa uzito wa mapenzi! Mapenzi ya nchi yamemwangusha!"

"Nimekaa!" Mzee alipiga kelele. "Nimekaa mwenyewe!"

"Mnamsikia anavyoweweseka! Mzalendo gani atabaki wima, shujaa akiwa chini?"

Bwana Ndekeo alikuwa wa kwanza kuelewa. Alijitupa chini kutoka jukwaa kuu, ngazi tatu, akatua kwa tumbo. Waziri wa Ardhi, asikubali kupitwa, alijitupa ngazi tano. Wake wa mawaziri wakafuata na vilemba vyao. Kisha majukwaa yote yakaporomoka kama mahindi yaliyopitiwa na upepo, watu wakilaliana, wakigumia kwa sauti, kila mmoja akichungulia kama jirani yake ameanguka vizuri. Askari mia tatu wakalala kwa mistari iliyonyooka. Rais aliletewa mto, naye akaanguka juu yake kwa awamu mbili. Bendi iliendelea kupiga wimbo, imelala chali.

Katika uwanja mzima alibaki mtu mmoja tu aliyesimama. Sefania alijaribu. Alilegeza gongo moja, akainama, vyuma vikamkatalia, akapiga yowe la maumivu, akarudi wima. Alikuwa kama mti uliosahauliwa shambani.

"Huyo!" sauti ilitoka jukwaani, kutoka chini ya watu. "Huyo anasimama! Anamdharau shujaa!"

Askari walipokea amri. Kwa kuwa wimbo ulikuwa bado unapigwa, na sasa uzalendo ulikuwa chini, walimwendea kwa matumbo, wakitambaa kwenye nyasi kama kenge, virungu mdomoni.

Mzee Lihundi aliwaona wanavyokuja. Akaangalia umbali: hatua ishirini, kama siku ile. Akaweka mkono wa vidole viwili chini, akajisukuma. Kiuno kililalamika, alikiambia kinyamaze. Aliinuka, akatembea huku wimbo unapigwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, na hakuna mbingu iliyoanguka. Akafika, akauingiza mkono wake chini ya kwapa la kijana, akalishika gongo lililokuwa linateleza.

"Mzee, rudi ukakae," Sefania alisema kwa meno yaliyoumana. "Wewe wanakupenda."

"Nimechelewa wiki tatu," Mzee alisema. "Niegemee."

Walisimama hivyo, wawili, juu ya watu sitini elfu waliolala, mpaka askari walipofika na kuanzia kazi miguuni.

*

Shitaka lao lilikuwa kusimama. Kesi ilisikilizwa njiani, ndani ya lori: hakimu alikaa mbele na dereva, akageuka mara moja, akatoa hukumu ya miaka isiyotajwa, akaomba ashushwe sokoni.

Nyuma ya lori jua lilikuwa kali, na safari ilikuwa ya saa tano nzima. Sefania alikuwa amevunjwa meno ya mbele na midomo imevimba. Mzee alimpa habari za Kihoro, mtu kwa mtu, kwa mpangilio wa vifo vyao: huyu alikuwa mchoyo wa tumbaku, huyu alikuwa anaota kwa sauti, huyu alikuwa na mapacha ambao hakuwaona. Sefania alimtajia wake wa Kimbwera, kumi na mmoja, akaanza na shangazi. Kisha kila mmoja akamsikiliza mwenzake kama watoto wa darasa moja wanavyosikilizana tebo ya saba, mpaka kila mtu akayajua ya mwenzake.

Lango la gereza lilikuwa na meza, daftari kubwa na karani. Karani huyo alikuwa mtumishi mwaminifu, mwandiko wake mzuri, hakuwa na chuki na mtu. Nyuma yake alisimama askari na fimbo ya mpingo.

"Kanuni ya gereza," karani alisema, "mfungwa wa siasa ataje wenzake wote. Majina kamili. Hapa tunaamini jina haliji bila fimbo, kwa hiyo kila jina na fimbo yake. Mnao wenzenu?"

Wale wawili wakatazamana.

"Tunao," Sefania alisema.

Alitaja kumi na mmoja, akapokea kumi na moja, magongo yakiwa yamemponyoka baada ya ya nne. Karani akayaandika yote.

Ikawa zamu ya Mzee Lihundi. Alivua shati mwenyewe, akalikunja. Alianza na wa kwanza kufa, akataja jina la mtu, la baba yake na la babu yake. Fimbo ikashuka. Akataja wa pili. Askari alibadili mkono alipofika kumi na tano. Kufikia ishirini na nane Mzee alikuwa chini, anasemea vumbini, na karani alilazimika kuinuka kwenye kiti ili amsikie. Jina la thelathini na tatu lilitoka pamoja na damu, na baada yake kukawa kimya.

"Ameisha?" karani aliuliza.

"Bado wanane," Sefania alisema. Akajivuta kwa viwiko hadi karibu na meza, mguu wa vyuma ukichora mstari mchangani, akaendelea na wa thelathini na nne. Fimbo ikahamia kwake. Thelathini na tano. Thelathini na sita. Aliyataja yote kwa mpangilio, hakuruka mtu, mpaka akafika wa mwisho, na ulimi ukagongana na ufizi mtupu.

Karani aliinua kalamu. "Hili sikulisikia vizuri. Hilo jina ni ng ya ngoma, au ng' ya ng'ombe?"

Sefania alijaribu tena, likatoka povu. Basi karani akainama pembeni ya meza, akamuuliza yule mzee aliyelala kifudifudi, kwa sauti ya mtu anayeheshimu kazi yake, maana daftari la serikali halipendi makosa.

Mzee Lihundi aligeuza shavu, akatema kilichokuwa kinywani.

"Ya ng'ombe," alisema. "Weka na kile kikato juu."

Karani akachovya kalamu, akakiweka.